Kupasha joto banda la vifaranga: moto ukae nje, joto liingie ndani

Kila mwaka ikikaribia Juni simu yangu huanza kuita kabla jua halijachomoza. Anayepiga ni mtu aliyenunua boksi lake la kwanza la vifaranga, na swali lake nalijua kabla hajalimaliza: "Nimewasha jiko usiku kucha, nimeziba kila tundu, mbona wanakufa?" Mwingine anauliza balbu ngapi zinatosha vifaranga 100. Mwingine anataka kujua kama mkaa ni bora kuliko umeme. Nimeyajibu haya kwa mdomo mara nyingi mno, na kila nikijibu kuna jambo nalisahau, na mara nyingine ni lile lile linaloua. Kwa hiyo nimeyaandika kwa mpangilio. Usome kabla hujalipia vifaranga, siyo baada.

Tabora mchana ni joto, ndiyo maana wengi hawaoni kama banda linahitaji kupashwa. Lakini tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai, mbingu ikiwa haina wingu, joto hushuka hadi nyuzi 15 hivi. Kifaranga wa siku moja anataka nyuzi 33. Tofauti hiyo ya nyuzi 18 ndiyo unayoijaza kwa moto kila usiku. Wenzetu wa Ujiji na Kigoma mjini wana nafuu kidogo, maana wako chini zaidi na ziwa haliachii joto lake haraka. Aliye Kasulu au Manyovu, kule milimani, asijihesabu miongoni mwao.

Kwanza ujue hili

Kifaranga anatoka kwenye yai na manyoya laini yasiyozuia baridi. Mwili wake hauwezi kujitengenezea joto la kutosha mpaka wiki ya pili au ya tatu. Akipigwa na baridi siku mbili za mwanzo, kile kiini cha yai alichobaki nacho tumboni hakisagiki vizuri, hali, hanywi, na hata akipona atabaki mdogo kuliko wenzake. Vifo vya siku ya tano mara nyingi vilianza usiku wa kwanza.

Jambo la pili ni moto wenyewe. Mkaa unapoungua ndani ya chumba hula hewa nzuri na kutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia kwenye damu inachukua nafasi ya oksijeni. Watu wengi wanaamini mkaa ukishakuwa mwekundu na moshi umeisha, sumu nayo imeisha. Siyo kweli. Mkaa usiotoa moshi wowote bado unaitoa sumu hiyo.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu mwaka wangu wa kwanza nilifanya hasa ninachokukataza. Nilikuwa na vifaranga 150 kwenye chumba cha matofali. Nikaziba madirisha kwa nailoni, nikasukumia matambara chini ya mlango, nikaweka majiko mawili ya mkaa. Saa nne usiku nilipochungulia walikuwa wametulia, nikaenda kulala nimeridhika. Saa kumi na moja alfajiri nikafungua mlango: kimya. Waliokufa hawakuwa wamelaliana kama wafanyavyo wa baridi. Walikuwa wametawanyika, kila mmoja pale alipolala, shingo zimenyooka juu ya maranda. Na chumba kilikuwa na joto zuri kabisa. Nilisimama pale dakika chache tu, kichwa kikaanza kuniuma.

Wiki ile ile nilikwenda Urambo kumsalimia mjomba. Nimekulia huko, kwenye tumbaku ya mvuke. Msimu ulikuwa umeisha na bani lake, yaani banda la kukaushia tumbaku kwa joto, limepoa, nikaingia ndani na kuinama kuyatazama mabomba niliyoyaona tangu utotoni bila kuyawazia. Jiko liko nje, mdomo wake ukutani. Kutoka pale bomba la bati linaingia, linazunguka karibu na sakafu, kisha linatoka na kupanda juu nje ya ukuta. Moto unaungua nje, joto linabaki ndani, moshi haugusi jani hata moja. Nikamweleza mjomba yaliyonipata. Akasema, "Jani likinuka moshi halinunuliwi hapa. Sasa wewe kifaranga mzima mzima unamnusisha?"

Tangu siku hiyo napasha banda langu kwa bomba. Nitakueleza pia balbu na jiko la mkaa, maana si kila mtu ana uwezo au haja ya kujenga bomba, lakini ukinisikia nasisitiza bomba, sababu umeshaijua.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Chumba chenye ukuta mzima na paa lisilovuja. Mita 3 kwa 3 kinatosha vifaranga 200 kwa wiki tatu za kwanza.
- Vipimajoto viwili. Kimoja kinaweza kudanganya, viwili vitabishana na utajua.
- Maranda makavu ya mbao au pumba za mpunga, viroba vitano hadi sita. Usichukue vumbi la msumeno, wanalila na linawaziba pumzi.
- Hadibodi, bati jembamba au maboksi magumu ya kuzungushia duara, kimo cha sentimita 45 hadi 60.
- Viroba vilivyofunguliwa na kushonwa pamoja, kwa ajili ya dari na mapazia.
- Udongo wa kichuguu, ndoo nne, na majivu ndoo moja.
- Matofali ya kuchoma 60 hivi kama utajenga jiko la nje.
- Chanzo cha joto, na chanzo cha pili cha dharura. Hiki cha pili siyo anasa.
- Madumu matatu ya lita 20 yasiyovuja, na tochi.

Hatua kwa hatua

1. Ziba chini, acha juu. Hewa ya baridi inaingilia chini na kupita usawa wa kifaranga. Kwa hiyo ziba nyufa zote za ukuta kutoka sakafuni mpaka kimo cha kiuno kwa udongo wa kichuguu, na uweke mfuko wa mchanga nyuma ya mlango. Juu, karibu na paa, acha uwazi wa upana wa kiganja kwenye ukuta mmoja. Kiangazi upepo wetu unatoka zaidi mashariki na kusini-mashariki, hivyo uwazi huo uuweke magharibi. Hapo ndipo hewa chafu na unyevu vinapotokea.

Onyo: usizibe madirisha yote kwa nailoni. Nailoni inazuia hewa na inafanya ukuta utoe jasho, maranda yanalowa. Kiroba kinapunguza upepo huku kikipumua.

2. Shusha dari. Joto linapanda, na bati la paa usiku ni baridi mno. Utachoma mkaa wote kupasha bati. Tandaza viroba vilivyoshonwa kwenye kamba au fito, kimo cha mita 2 kutoka sakafuni, ukiacha wazi upande ule ule wa magharibi. Hewa iliyotulia kati ya viroba na bati ndiyo inayokusaidia, kama blanketi linavyokusaidia wewe. Kazi hii ni ya saa mbili, na sijui nyingine inayopunguza kuni kwa kiasi kama hiki.

3. Chagua chanzo cha joto kulingana na idadi.

*Vifaranga hadi 100 na una umeme:* tumia balbu nyekundu ya wati 250, moja, ining'inie sentimita 45 hadi 60 juu ya maranda. Huwa inatosha. Kama huna, balbu mbili za wati 100 za kizamani, zile zenye waya ndani unaowaka. Hapa pana kosa ninalokutana nalo kila mwezi: mtu ananunua balbu za LED au za kubana matumizi, anaona mwanga mkali, anadhani na joto lipo. Balbu hizo zilitengenezwa ili zisipoteze umeme kwa joto. Weka mkono wako chini yake utaona. Balbu ya kizamani karibu umeme wake wote unageuka joto, na hicho ndicho unachokitaka.

Ining'inize kwa mnyororo au waya wa chuma, kamwe usiining'inize kwa waya wake wa umeme. Holda iwe ya udongo; ya plastiki itayeyuka, balbu ianguke kwenye maranda, na maranda makavu hayachelewi kushika moto. Kwa hesabu: wati 250 kwa saa 12 za usiku ni uniti 3.

*Hadi 100 na huna umeme:* jiko moja la mkaa, kwa masharti. Likokee nje mpaka mkaa wote uwe mwekundu. Liweke juu ya matofali manne, lizungushie wavu wa waya ili wasilirukie, na juu yake funika chungu kilichotobolewa pembeni ili joto lisambae badala ya kupanda moja kwa moja. Ule uwazi wa juu uwe wazi kabisa, na chini ya mlango uondoe ule mfuko wa mchanga, uweke ubao wa kukinga upepo mbele yake ili hewa iingie kwa kuzunguka. Bila tundu la kuingia chini na tundu la kutokea juu, usiwashe.

Na tafadhali sana: usilale kwenye chumba hicho. Najua watu wanaolala na vifaranga ili wawaangalie. Sumu ile haichagui kati yako na kuku. Vivyo hivyo usiingize jiko chumbani kwa watoto usiku wa baridi.

*Zaidi ya 200:* jenga bomba. Hapo katikati amua mwenyewe kwa mfuko wako, ila ukipanga kufuga mwaka mzima, bomba litajilipa kwa mkaa usioununua.

4. Jenga jiko la nje na bomba. Hatua hii ni ndefu, usiikimbize.

Kwa fundi bati agiza mabomba ya kipenyo cha inchi 6, jumla mita 4 za kupita ndani, kona moja, na mita 3 za kupanda nje. Omba bati jeusi la chuma. Kama ni bati la kawaida la kuezekea, lile la kung'aa, lina zinki. Likipashwa sana mara ya kwanza hutoa moshi wenye madhara. Basi likoleze moto siku nzima milango ikiwa wazi, bila mtu wala kuku ndani, kabla ya kulitumia.

Nje ya ukuta jenga jiko la matofali: ndani upana wa sentimita 40, urefu wa sentimita 60, mdomo ukitazama nje. Tumia udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu, sehemu tatu kwa moja. Udongo huo ukiungua unakuwa mgumu bila kupasuka sana, na mafundi wa mabani wanaujua vizuri. Mdomoni weka mlango wa bati wa kusogeza. Huo ndio rimoti yako: ukiufungua moto unapanda, ukiusogeza kuziba mdomo moto unapoa. Usidhibiti moto kwa kuziba bomba la juu, moshi utarudi ndani.

Bomba linaingia kupitia ukuta, likae juu ya matofali sentimita 35 kutoka sakafuni, na kila mita moja lipande sentimita 5. Lisipopanda, moshi unazubaa njiani. Ule mwanzo wake, mita moja ya kwanza kutoka jikoni, unakuwa wa moto kupita kiasi. Uzungushie matofali na udongo. Utaona faida nyingine: tofali lililopata moto jioni linatoa joto polepole mpaka alfajiri, hata kuni zikiwa zimeisha. Wakorea walilijua hili zamani sana, nyumba zao za jadi zilipitisha moshi wa jikoni chini ya sakafu ya mawe, na familia ikalala juu ya sakafu yenye vuguvugu. Warumi nao walikuwa na sakafu zilizoinuliwa juu ya nguzo fupi, moto unapita chini yake. Katika nchi za baridi leo maji ya moto huzunguka kwenye mabomba kutoka chumba kimoja chenye tanuru mpaka vyumba vyote. Popote pale moto una mahali pake na watu wana mahali pao.

Upande wa pili bomba linatoka nje na kupanda mpaka lipite paa kwa nusu mita au zaidi, na juu lina kofia ya kuzuia mvua. Kama paa ni la nyasi, acha kabisa. Cheche moja inatosha.

Sasa jaribu. Washa moto mdogo, ukishika tupia majani mabichi ili moshi uwe mzito. Ingia ndani na tochi, mulika kila kiungo. Panapotoka hata uzi wa moshi weka alama ya mkaa, kisha moto ukizima ziba kwa udongo ule ule. Rudia mpaka usione kitu. Mimi la kwanza nilirudia mara nne. Kinachopitisha moshi kinapitisha na sumu, kwa hiyo usijiambie "kidogo tu".

Kuhusu kuni: magunzi ya mahindi, matawi makavu na mabaki ya fundi seremala yanatosha kabisa. Bani la tumbaku linapandishwa mpaka nyuzi 70 hivi mwishoni, ndiyo maana limekula misitu yetu. Banda la vifaranga halihitaji hata nusu ya joto hilo, na hakuna sababu ya kukata mninga kwa ajili yake.

5. Tandika na uzungushe duara. Maranda yawe na kina cha sentimita 5 hadi 8. Sakafu ya saruji inanyonya joto la miguu usipoifunika. Juu yake tandika magazeti siku tatu za kwanza, uyabadilishe kila siku. Zungusha duara la kipenyo cha mita 2 kwa vifaranga 100. Duara liwe kando ya chanzo cha joto, siyo kulizunguka lote, ili upande mmoja uwe na joto zaidi na mwingine upoe kidogo. Kifaranga atachagua mwenyewe. Kati ya duara na bomba acha nusu mita isiyo na maranda, uweke na wavu.

Kona ni adui. Chumba chenye kona nne kinawafanya wasukumane konani na kukanyagana, ndiyo maana tunatumia duara.

6. Washa moto siku moja kabla. Siyo saa moja kabla. Hewa inapata joto haraka, lakini ukuta, sakafu na maranda vinachelewa. Weka kipimajoto sentimita 5 juu ya maranda, pale kifaranga anaposimama, na kingine kwenye ule upande wa kupoa. Unachopima ukutani usawa wa macho yako ni joto lako wewe. Endelea mpaka upande wa joto usome 33, na maranda yenyewe ukiyashika yawe vuguvugu mpaka chini.

7. Wapokee. Wengi wetu tunawapokea stendi baada ya safari ya usiku kucha, wamechoka na wana kiu. Maji yawe tayari ndani ya duara, yasiwe ya baridi ya mtungi, na glukosi kidogo. Chovya mdomo wa mmoja mmoja kwa wale 10 wa kwanza, wengine wataiga. Chakula baada ya saa moja au mbili.

Kisha fanya jambo ambalo wageni wakiliona wanashangaa. Chukua kifaranga, mgeuze taratibu, weka nyayo zake kwenye shavu lako. Vidole vyetu vimekomaa kwa kazi, havisikii vizuri, shavu linasikia. Nyayo zikiwa vuguvugu, yuko sawa. Zikiwa za baridi, banda halijafika, hata kipimajoto kiseme nini. Nachukua 10 kutoka sehemu mbalimbali za duara. Asubuhi yake napapasa gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo: lililojaa na kuwa laini linaonyesha alikula na kunywa, na asiyesikia baridi ndiye anayekula.

8. Wasome wao kabla ya kipimajoto. Simama mlangoni, usiwashtue, tazama na sikiliza.

Wamelaliana chini ya balbu au wamejazana karibu na bomba, wanalia kwa sauti kali isiyokatika: baridi. Wamekimbilia ukingoni mbali na joto, midomo wazi, mabawa yameshuka, wanakunywa sana: joto limezidi. Wamejazana upande mmoja usiohusiana na joto: kuna upepo unaingia upande wa pili, tafuta ufa huo. Wametawanyika kote, wengine wanakula, wengine wamelala wamejinyoosha, na sauti ni mlio mdogo wa kuridhika: usiguse kitu.

Na wakiwa kimya kabisa, wamelegea, wametawanyika, huku jiko la mkaa liko ndani, fungua mlango sasa hivi.

9. Panga zamu ya usiku. Saa ngumu siyo saa nne, ni kuanzia saa tisa mpaka jua lichomoze. Hapo ndipo baridi iko chini kabisa na moto wa jioni umeisha. Amka saa nane na nusu, ongeza kuni kabla joto halijashuka. Kulirudisha joto lililopotea kunachukua muda mrefu kuliko kulilinda. Tumieni zamu kama mko wawili. Mke wangu huchukua saa nane, mimi saa kumi na moja.

10. Punguza kwa wiki. Wiki ya kwanza nyuzi 32 hadi 34. Ya pili 29 hadi 31. Ya tatu 26 hadi 28. Ya nne 23 hadi 25, kisha usiku tu kama kuna baridi. Kila wiki panua duara. Kama unafuga Septemba au Oktoba, mchana wa Tabora wenyewe unafika nyuzi 32. Zima moto mchana, fungua mapazia, washa jioni. Nimeona watu wakiua kwa joto mchana wa Oktoba kwa sababu ratiba ilisema washa.

Mambo yakienda kombo

*Umeme umekatika usiku.* Usisubiri urudi. Chemsha maji, yaache yapoe kidogo mpaka nyuzi 70 hivi ili dumu lisilegee, jaza dumu, funga kizibo, livishe gunia na liweke katikati ya duara. Dumu moja la lita 20 likipoa kutoka nyuzi 70 hadi 30 linatoa joto la karibu uniti 1 ya umeme. Zungusha madumu mawili kwa zamu, moja ndani, jingine likijazwa. Juu ya duara funika kanga au shuka, ukiacha pembe moja wazi. Njia hii haina moshi wala sumu, na imeokoa vifaranga wengi kuliko jenereta ninazozijua.

*Moshi unarudi ndani.* Kama ni wakati wa kuwasha tu, bomba bado ni la baridi. Choma konzi ya nyasi kavu chini ya bomba la kupanda nje, hewa itaanza kuvuta. Kama ni wakati wote, bomba halipandi vya kutosha, au limejaa masizi, au halijapita paa. Wakati unarekebisha, watoe vifaranga.

*Kipimajoto kinasoma 33 lakini wanalaliana.* Angalia kiko wapi. Pengine kinaangaliwa na balbu moja kwa moja huku hewa ya chini ikiwa ya baridi. Kama kiko mahali pake, washa kijiti cha ubani au uzi unaotoa moshi, ushike usawa wa maranda kuzunguka duara. Moshi unapolala upande, ndipo upepo unapoingilia.

*Kinyesi kimeganda makalioni.* Mara nyingi ni baridi au joto la kupanda na kushuka. Mwoshe kwa maji vuguvugu na pamba, mkaushe, kisha urudi kwenye zamu yako ya usiku uone ilipolegea. Ikiwa wengi wanaharisha kwa wakati mmoja, mwite mtaalamu wa mifugo wa kata.

*Ukiingia macho yanawasha.* Hiyo ni amonia ya kinyesi na maranda yaliyolowa, na maana yake umeziba mno. Ondoa maranda mabichi chini ya vyombo vya maji, ongeza uwazi wa juu, ongeza moto kidogo kufidia. Kati ya hewa safi na kuni chache, chagua hewa safi.

*Kichwa kinakuuma, unasikia kizunguzungu au kichefuchefu ukiwa ndani.* Toka nje kwanza. Usijaribu kuokoa vifaranga kabla ya kupata pumzi. Fungua mlango ukiwa nje, mwite mtu, acha hewa ipite, ndipo utoe jiko. Asiyepata nafuu au aliyepoteza fahamu apelekwe hospitali, na muwaambie kwamba alivuta hewa ya mkaa.

Wakishaota manyoya na duara limeondolewa, fungua viungo vya bomba, gonga masizi yatoke, toa majivu jikoni, na uyatundike mabomba darini yasipate kutu. Nyufa mpya za udongo zizibe siku hiyo hiyo, jiko likiwa bado na vuguvugu, maana boksi linalofuata huwa linakuja kabla hujajiandaa.